MREJESHO: Canon 600D na Magic Lantern, picha za alfajiri Mbeya

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini picha zangu za mfululizo (timelapse, za kuunganisha kuwa video) za alfajiri pale mlima Loleza zinaungua, yaani zinakuwa nyeupe kupita kiasi, jua likitoka, na betri inakata mapema.

Mlioniambia nihakikishe programu ya ndani ya kamera (firmware) ni toleo 1.0.2 kabla ya kuweka Magic Lantern, programu ya nyongeza ya kamera za Canon, asanteni sana. Yangu ilikuwa bado. Nikawasha Auto ETTR, sehemu ya Magic Lantern inayopanga mwanga yenyewe, picha RAW (faili ghafi): giza mpaka jua kamili bila kugusa kitu. Zinapepesa kidogo, mwanga unarukaruka kati ya picha na picha, narekebisha kwenye kompyuta.

Vidoti vya foksi, vile vya Magic Lantern vinavyoonyesha kilicho wazi kwenye kioo, gizani havikunisaidia. Nililenga taa za mjini, nikaweka MF (foksi ya mkono), nikabana pete ya lenzi kwa selotepu.

Betri? Kuzima kioo cha nyuma cha kamera kumesaidia, ila baridi ya Julai ni ileile. Betri ya akiba nailalisha kwapani ipate joto.