Mjadala: Redio ikikosea hewani, isahihishe wapi?

Ndugu zangu, naleta hoja. Kituo cha redio au podikasti kikitoa habari ya uongo, masahihisho yatolewe hewani, katika kipindi kilekile na saa ileile, na msikilizaji aelezwe kosa lilipitaje mikononi mwa wahariri. Wapo watangazaji wanaoona inatosha kuifuta sauti kimyakimya na kuandika mistari miwili kwenye ukurasa wa kituo. Nawapinga, na nina mfano.

Januari 6, 2012 kipindi cha redio cha Marekani, This American Life, kilirusha simulizi ya msanii wa jukwaani Mike Daisey kuhusu safari yake ya Shenzhen, China, kwenye viwanda vya Foxconn vinavyounganisha vifaa vya Apple. Alisimulia walinzi wenye bunduki getini, watoto kazini, na wafanyakazi aliokutana nao ambao mikono ilikuwa ikitetemeka kwa sababu ya kemikali ya kusafishia vioo. Watu waliguswa mno. Ilipakuliwa mara 888,000, kuliko toleo lolote la kipindi hicho hadi wakati ule.

Rob Schmitz, mwandishi wa kipindi cha Marketplace aliyekuwa akiishi Shanghai, aliposikia habari ya walinzi wenye bunduki akaingiwa na shaka. Akamtafuta mkalimani wa Daisey kwenye intaneti, akampata bila taabu. Mkalimani akakana mengi ya yale yaliyosimuliwa. Sasa hapa ndipo uchungu ulipo: kabla ya kurusha, wahariri walimwomba Daisey namba ya mkalimani huyo, naye akajibu kwamba namba aliyokuwa nayo haifanyi kazi tena. Wakaendelea. Uongo ni wa Daisey, lakini kuurusha bila kumpata shahidi pekee ni kosa la chumba cha habari.

Machi 16 mwaka huohuo kipindi kilitoa saa yake nzima kujisahihisha. Mtangazaji Ira Glass alimwalika Schmitz aeleze alichogundua, kisha akambana Daisey swali kwa swali, na vimya virefu vya Daisey vikaachwa bila kukatwa. Glass akakiri hewani kwamba walipomkosa mkalimani walipaswa kuiacha habari ile. Sauti ya simulizi ikaondolewa, maandishi yake yakabaki ili anayetaka kupima aone kilichosemwa. Hapo ndipo redio inapolishinda gazeti, kwa sababu ule ukimya wa mtu aliyebanwa hauandikiki.

Najua nitaambiwa, "Lakini mateso ya wafanyakazi yalikuwa ya kweli!" Ndiyo, kuna wafanyakazi waliodhurika na kemikali ile. Walikuwa Suzhou, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Shenzhen, na Daisey hakuwaona. Mimi naona hoja hiyo inamhukumu zaidi. Watu walioumia kweli walikuwa na ushahidi wao. Akauchukua, akauvika uongo, na tajiri wa kiwanda akapata kisingizio cha kusema yote yametungwa. Anayejali wanyonge ndiye wa kwanza kupaswa kuchuja simulizi zao.

Linganisha na Caliphate, podikasti ya New York Times ya 2018, iliyomtegemea kijana wa Kanada aliyedai kuua watu akiwa na kundi la Islamic State. Desemba 2020 gazeti likakiri kwamba madai yake hayakuthibitika, likarudisha tuzo ya utangazaji ya Peabody ambayo podikasti hiyo ilikuwa imepewa. Mhariri mkuu Dean Baquet akahojiwa na Michael Barbaro, mtangazaji wa gazeti hilohilo. Glass naye alikuwa akijadili kosa la kipindi chake mwenyewe, lakini alimpa maikrofoni mtu wa nje aliyeligundua. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa.

Tuje kwetu. Wanaosikiliza taarifa ya habari ya asubuhi wako kwenye daladala, dukani, shambani na redio ya betri. Masahihisho yakiwekwa mtandaoni, wengi wao hayatawafikia kamwe, nao ndio waliopewa uongo. Jirani aliyetajwa mwizi kwenye taarifa ya saa moja asubuhi anaendelea kuitwa mwizi kijijini. Kanuni za maadili za wanahabari wa Kenya zinataka kosa lisahihishwe mara moja, ila wengi tunasoma "mara moja" tunavyopenda.

Kuhusu vipindi vya simu za wasikilizaji sina ubishi mkubwa: anayepiga akimtuhumu mtu kwa jina, mtangazaji amkate palepale.

Ninyi mlio vyumba vya habari nisaidieni kwa hili moja. Habari yenye kosa imeshapakuliwa na iko kwenye simu za watu, wanarushiana kwa WhatsApp. Kuirekodi upya na masahihisho mwanzoni hakuzifuti nakala zile za zamani. Mnafanyaje, na nani kituoni kwenu ana mamlaka ya kuamuru saa nzima ya kipindi itumike kukiri kosa?