Acheni kuwapangia malori njia kwa ramani ya magari madogo!

Wadau wa barabara, hili lisemwe. Mtu amekaa ofisini Kampala, anaandika Malaba hadi Mbarara kwenye Google Maps, anamrushia dereva ule mstari wa buluu kwa WhatsApp. Ati hiyo ndiyo ruti! Ramani hiyo haikuulizi kimo cha mzigo wala tani. Kontena likigonga daraja, anayekatwa mshahara ni dereva.

Oda inasema "futi 40". Huo ni urefu, jamani, si kimo! Someni msimbo ulioandikwa mlangoni. 42G1 ni kontena la kawaida, kimo mita 2.59. 45G1 ndilo lile lililoinuka, mita 2.90. Kitanda cha trela kikiwa mita 1.5 kutoka chini, la kwanza linafika 4.09, la pili 4.40. Kibao cha daraja kikisema 4.3, moja linapita, jingine linakunjwa paa.

Kisha pimeni. Lori likiwa na mzigo, mahali tambarare, matairi yamejaa upepo, vuta futi kamba kutoka ardhini hadi kona ya juu, mbele na nyuma, maana trela hailali sawa. Chukua namba kubwa, ongeza sentimita 20. Likirudi na kontena tupu mpime upya: springi zimepanda.

Kibao nacho hudanganya. Lami mpya ikimwagwa juu ya ya zamani, nafasi inapungua, namba inabaki ileile. Daraja linalokatiza juu ya barabara pale inaposhuka kisha kupanda ni baya zaidi: kichwa kimeanza kupanda, matairi ya nyuma bado yako mteremkoni, na katikati ya trela imeinuka kuliko mlivyopima.

OsmAnd, programu ya ramani ya simu, ina mpangilio wa lori, unaingiza kimo na uzito. Lakini inakwepa tu daraja ambalo mtu ameshaliandikia kimo. Lisiloandikwa, inakupeleka moja kwa moja.

Michepuko ndiyo balaa. Daraja la Katonga kwenye barabara ya Kampala–Masaka lilipofungwa Mei 2023, magari yalizungushwa Mpigi, Kanoni, Sembabule hadi Villa Maria. Njia ya namna hiyo itangulizwe bodaboda yenye fito iliyokatwa kwa kimo mlichopima. Fito ni ya madaraja tu. Nyaya za umeme zilizolegea msiziguse.

Na dereva akisimama kabla ya daraja akapiga simu, msimjibu "mbona wenzako wanapita?" Wenzake wamebeba 42G1.