Huyu jamaa wa kufunika orodha ya viambato, mnamwacha tu?

Wadau wa kuingiza bidhaa bandia za kejeli kwenye rafu za maduka, nina hasira mpaka kibodi inatoa moshi. Mnamjua, simtaji. Leo kaweka bidhaa yake ya kejeli rafuni na kutamba kwamba ni sanaa. Kafanya nini? Kachukua kopo la chakula halisi, kabandika lebo yake JUU YA VIAMBATO. Mwenye mzio wa karanga asome nini, utani wake?

Kejeli hutengenezewa boksi tupu! Kadi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, chapa ya nukta 300 kwa inchi, ndani kipande cha kadibodi lisibonyee. Yeye katumia karatasi ya kawaida na printa ya wino, tena kwenye rafu ya friji! Unyevu umeingia, wino unachuruzika kama kamasi, kona zimenyanyuka. Hayo ningevumilia. Lakini viambato! Na tarehe ya mwisho wa matumizi kaifunika vilevile!

KisuChaKaratasi: Mkuu, aya mbili kwa kopo moja? Kunywa maji. Ila kwenye chakula nakazia, kakosea.

MzeeWaRafu: Wale wanaharakati wa Barbie mwaka 1993 walibadilisha visanduku vya sauti kati ya wanasesere wanaoongea, Barbie na askari G.I. Joe, wakawarudisha madukani. Mwanasesere haliwi.

PauNyeusi: Afadhali viambato kuliko wanaobuni bakodi kichwani. Mashine haiitambui, foleni inasimama, anayefokewa ni keshia. Banksy, yule msanii wa mitaani, mwaka 2006 aliingiza CD bandia 500 za Paris Hilton madukani Uingereza, akaacha bakodi ya asili. Zikapita kaunta bila shida.

MzeeWaRafu: Na mnunuzi akalipia asichokiomba. Unasifia hilo?

PauNyeusi: Usianze.

ChupaTupu: Cildo Meireles, msanii wa Brazil, 1970. Alichapa maneno meupe kwenye chupa za Coca-Cola za kurudishwa kujazwa tena. Chupa ikiwa tupu huyaoni, ikijazwa soda nyeusi yanajitokeza. Bila karatasi wala kona za kunyanyuka. Nyie endeleeni na printa zenu.

Mwanzisha uzi: NA HAKUFUNIKA VIAMBATO!!!

KisuChaKaratasi: Tumesikia. Nani anajua stika isiyoacha utando kwenye kioo?

PauNyeusi: Vinili yenye gundi ya kubanduka. Futa kioo kwa spiriti kwanza, kikauke, ndipo ubandike. Wa supa gluu wafukuzwe humu.

MzeeWaRafu: Supa gluu ina kazi yake kwenye plastiki.

PauNyeusi: Nimesema usianze.