Tupeane uzoefu: sketibodi na giza la majira ya baridi ughaibuni

Mwanzilishi wa uzi, Malmö

Salaam, ndugu zangu mlio ughaibuni. Naomba uzi huu tuutumie kuelezana jambo moja tu, nalo ni namna kupanda sketibodi, yaani ule ubao wenye magurudumu, kulivyomsaidia, au kusivyomsaidia, mtu aliyezoea jua la kwetu kuivuka miezi ya giza. Anayependa kuogelea au kukimbia nampa heshima yake, lakini aufungulie uzi mwingine.

Natangulia mimi. Hapa kusini mwa Uswidi, mwezi Desemba, jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kutua muda mfupi baada ya saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo mfanyakazi wa ghala kama mimi huingia kazini gizani na kutoka gizani. Kilichonipata hakikuwa huzuni yenye sababu, kama ya kufiwa. Kilikuwa uzito wa mwili, usingizi usiokata, hamu ya kula vyakula vya wanga usiku, na kuacha simu za nyumbani ziite kwa kuwa sikuona la kusema. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenipeleka Bryggeriet, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1998 na wapanda sketibodi wenyewe ndani ya jengo la kiwanda cha zamani cha bia. Kuna hata shule ya sekondari iliyozaliwa na ukumbi huo, iliyoanza mwaka 2006, ambamo wanafunzi husoma sketibodi pamoja na masomo ya kawaida, hivyo mtu mzima akianguka mbele ya watoto hakuna anayegeuka kumtazama.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini chumba cha mazoezi nilichokuwa nakilipia kabla ya hapo hakikunifaa kiasi hicho. Nadhani ni kwa sababu juu ya mashine ya kukimbia miguu hufanya kazi huku akili ikiendelea kusaga mambo yale yale, ilhali juu ya ubao hilo haliwezekani. Ukitaka kukata kona ni lazima uhamishe uzito kutoka visigino kwenda vidole vya miguu, na ukishuka mteremko huku hofu inakuegemeza nyuma, ubao hutangulia wewe ukabaki sakafuni. Muda wote huo wasiwasi wa kodi na barua za uhamiaji haupati pa kukaa. Nikitoka pale nalala usingizi wa kweli, na nikiamka napiga simu nyumbani.

Mama wa Watatu, Oslo

Hamjambo wanangu na ndugu zangu. Mimi niliingia kwenye jambo hili kwa kumsindikiza kijana wangu wa mwisho, ambaye kila theluji ilipoanza alikuwa akijifungia chumbani na kujibu kwa kutikisa kichwa. Jirani yetu, mzee wa Kinorwei, alicheka aliponiona na ubao mkononi, akanieleza kwamba kati ya mwaka 1978 na 1989 nchi hii ilipiga marufuku kuingiza, kuuza na hata kutumia sketibodi kwa kuhofia majeraha, na vijana wa zama zake walikuwa wakijenga miteremko ya mbao msituni ili polisi wasiwaone. Leo manispaa zinajenga kumbi za ndani kwa fedha za umma.

Kwa kijana wangu, ninavyoona mimi, dawa ilikuwa watu zaidi ya ubao wenyewe. Katika mchezo huu hakuna timu inayokuacha benchi wala kocha anayekufokea. Mmoja anajaribu, wengine wanasubiri zamu, na akifanikiwa wote wanagonga mbao zao sakafuni kumpongeza, hata kama hawajui jina lake. Mtoto mgeni ambaye lugha bado inamkwama hupongezwa kabla hajalazimika kuzungumza. Nami nilianza kujifunza kusimama juu ya ubao, kwa kuwa kukaa benchi nikitazama saa kulinichosha kuliko kuanguka.

Muuguzi wa Zamu, Leeds

Nawaunga mkono, lakini naomba tutenganishe mambo mawili. Hali anayoieleza mwanzilishi inafanana na ile inayoitwa sonona ya majira, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani. Rosenthal mwenyewe alizaliwa Afrika Kusini, na alianza kuyashuku majira ya baridi baada ya kuhamia New York na kuona nguvu zake zikishuka kila mwaka wakati huo, kwa hiyo asije mtu akawaambia kuwa huu ni udhaifu wa wageni wasiozoea baridi.

Chanzo kinachotajwa zaidi ni upungufu wa mwanga, hasa wa asubuhi, unaovuruga saa ya mwili. Ukumbi wa ndani jioni hukupa mazoezi na watu, haukupi mwanga huo. Taa maalumu za tiba hutoa lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), na kwa kawaida mtu hukaa mbele yake karibu nusu saa kila asubuhi, akishauriana kwanza na daktari ikiwa ana ugonjwa wa macho au aliwahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi. Hata siku ya mawingu, nje kuna mwanga mara nyingi zaidi ya ule wa sebuleni. Ushauri wangu ni kwamba mwenye nafasi apande ubao wake nje, mchana, siku yoyote lami inapokuwa kavu, na ukumbi auache kwa ajili ya jioni na siku za theluji.

Kijana wa Southbank, London

Muuguzi amesema kweli. Sisi tuna bahati ya pale chini ya ukumbi wa muziki wa Queen Elizabeth Hall, kando ya mto Thames, ambako watu wamekuwa wakipanda sketibodi tangu miaka ya 1970. Dari la zege linazuia mvua, upande uko wazi kwa mwanga na hakuna kiingilio. Baridi yake ni kali, lakini mwendo wenyewe unapasha mwili. Mimi hupita pale kabla ya zamu ya jioni, na tofauti naiona katika hasira zangu zaidi kuliko katika furaha.

Mtoto wa Kitintale, Minneapolis

Wengine tulianza kabla ya kuiona theluji. Nilijifunzia Kitintale, Kampala, katika kiwanja cha kwanza cha sketibodi nchini Uganda, kilichojengwa kwa nguvu za mtaa katikati ya miaka ya 2000. Kule tulipanda ubao kwa raha tu. Huku Minnesota nimejua kuwa mchezo ule ule unaweza kuwa sababu ya kutoka kitandani.

Hata hivyo niseme wazi kwamba kuna msimu ambao haukutosha. Nilikwenda ukumbini, nikakaa na viatu vyangu, nikarudi nyumbani bila kugusa ubao. Daktari alinipa dawa na mtu wa kuzungumza naye, na ilipofika Februari nilianza tena taratibu. Mtu akiona hata anachokipenda hakimvuti, asisubiri theluji iyeyuke.

Mgeni wa Jukwaa, Hamburg

Shikamooni. Nina umri wa miaka arobaini na sita na magoti yangu si ya ujana. Je, nianzie wapi, na ninunue nini?

Mwanzilishi wa uzi, Malmö

Marahaba, na karibu. Usinunue ubao mwanzoni, kwa kuwa kumbi nyingi huazimisha ubao pamoja na helmeti na vikinga magoti, na zipo zenye saa za watu wazima wanaoanza. Anza kwa kusimama juu ya ubao ukiwa kwenye zulia ili usiteleze, kisha jifunze kusukuma kwa mguu mmoja kwenye sakafu tambarare, na miteremko uiache kwanza. Baadaye ukitaka wako wa kutumia nje, chagua magurudumu laini, kwa kuwa baridi huyakaza na yale magumu hukwama kwenye kila kijiwe. Chumvi inayomwagwa barabarani hutia kutu beringi zilizo ndani ya magurudumu, hivyo ukirudi futa ubao mara moja, zungusha magurudumu mpaka yakauke, na usiuache kwenye baraza.