Naomba ushauri: sakafu ya mianzi kwa nyumba ya Machame

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninamalizia nyumba ya familia huku Machame, na mke wangu angependa sebule na vyumba vya kulala viwekwe sakafu ya mianzi badala ya vigae, ambavyo kwa baridi ya mwezi wa saba ni mateso kwa miguu.

Nami navutiwa na mianzi kwa sababu ni jamii ya nyasi, hukomaa kwa miaka 3 hadi 5 na huchipua tena kutoka kwenye mizizi ileile, ilhali mninga huhitaji miongo kadhaa. Hata hivyo, sakafu nyingi za aina hii hutengenezwa China, na vipande vyake huunganishwa kwa gundi ambazo baadhi hutoa hewa ya fomaldehaidi, kemikali yenye madhara kwa afya. Hapo sifa ya kutunza mazingira, kwa maoni yangu, hupungua.

Hofu yangu kubwa ni unyevu. Mianzi hutanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika, na masika huku mlimani si ya mzaha. Je, aliyewahi kuiweka juu ya zege alitandika nini chini yake, na aliacha nafasi kiasi gani kando ya kuta? Je, ile ya nyuzi zilizoshindiliwa kwa mgandamizo mkubwa, ambayo ni ngumu kuliko iliyopashwa joto ili ipate rangi ya kahawia, inastahili gharama ya ziada? Naomba pia kuelekezwa kwa fundi wa Moshi au Arusha anayeijua kazi hii. Mafundi wa vigae ninao tele.