Tupeane uzoefu: waliosafishwa chini ya fizi kwa ganzi, ilikuwaje?

Mleta mada

Wakuu, naomba tukusanye hapa habari za waliokwishasafishwa chini ya fizi. Sizungumzii skelingi ya kawaida, ile ya kukwanguliwa ukoga unaoonekana, meno yakang'arishwa ukaenda zako. Nazungumzia ile ya kuchomwa ganzi, chombo kikapita kati ya jino na ufizi mpaka kwenye mzizi.

Fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki. Daktari wa meno amenipima akakuta vifuko, yaani nafasi kati ya jino na ufizi, vya kina cha milimita 5 na 6 kwenye magego. Anasema ugonjwa umeshavuka hatua ya fizi kuvimba tu, sasa unakula mfupa unaoshika meno, na kwenye picha ya eksirei nimeonyeshwa mfupa ulivyoshuka. Nimepangiwa upande wa kulia kwanza, juu na chini, kisha upande wa kushoto siku nyingine.

Nikiuliza watu, kila mmoja ana lake. Huyu anasema meno yatalegea, yule anasema nimeze antibiotiki inatosha. Mliopitia semeni yaliyowakuta nyinyi wenyewe: maumivu, siku zilizofuata, na kama vipimo vilishuka kweli.

Binti Salama

Pole mkuu. Kabla ya yote, omba nakala ya vipimo vyako uende nayo nyumbani. Mimi nilipopimwa, daktari alikuwa anaingiza kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita pembeni mwa kila jino, anataja namba, msaidizi anaandika: tatu, mbili, tatu, tano, sita, nne. Sehemu sita kwa kila jino. Mwenye meno yote 32 anatoka na namba 192. Ukishajua kwamba 1 hadi 3 ni salama, na kuanzia 4 ni kifuko cha kufuatiliwa, hasa kikiwa kinatoka damu, unaanza kuyasoma mwenyewe.

Kilichonisaidia ni kuona kwamba tatizo halikuwa mdomo mzima. Meno ya mbele yalikuwa mazuri, ugonjwa ulikuwa umejificha nyuma na katikati ya meno, mahali mswaki haufiki. Hata ukipiga mswaki kwa nguvu namna gani, nywele zake haziingii milimita 5 chini ya ufizi. Ndiyo maana lazima mtu aingie na chombo.

Fundi Umeme

Nitaeleza kilichofanyika kitini, maana nilipokuwa natafuta maelezo wengi waliishia kusema "haiumi sana" na kunyamaza.

Nilipakwa ganzi ya jeli kwanza kwenye ufizi, baadaye sindano. Sindano niliisikia, hasa ile ya upande wa kaakaa. Baada ya hapo maumivu yaliisha, ikabaki mguso na msukumo. Kazi ilianza na mashine yenye ncha inayotetema kwa kasi na kumwaga maji, msaidizi ameshika bomba la kunyonya. Mlio wake ni mwembamba na mkali, nikawa napumua kwa pua taratibu. Tulikubaliana mapema kwamba nikiinua mkono wa kushoto anasimama, na kweli nilipoinua alisimama, akaniongezea ganzi.

Kisha akashika vyuma vya mkono vyenye ncha iliyopinda. Hapo unasikia kukwaruza ndani ya kichwa, maana sauti inapita kwenye mfupa. Daktari wangu alikuwa mtu wa kuelekeza, akaniambia nisikilize: mzizi wenye ukoga ulioganda unatoa sauti ya kukwama kwama, ukishasafishika chuma kinateleza. Nikaanza kuzitofautisha. Alinionyesha pia vipande kwenye shashi. Vilikuwa vyeusi, tofauti na ule ukoga wa njano unaoonekana juu. Alisema ule wa chini huchukua rangi hiyo kwa sababu ya damu inayovuja ndani ya kifuko muda mrefu.

Nusu ya mdomo ilichukua kama saa moja hivi. Mdomo ulibaki na ganzi saa kadhaa, kwa hiyo usile mpaka iishe, utajing'ata shavu au ulimi bila kujua.

Kimya Kingi

Mimi jioni yake nilimeza dawa ya maumivu ya kawaida, kesho yake nikaenda kazini. Fizi zilikuwa kama zimechubuka, basi.

Mama Pacha

Dada na kaka zangu, nizungumzie siku zilizofuata, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia roho, na halikuwa suala la maumivu.

Wiki za mwanzo maji baridi yalikuwa adui. Hata kuvuta hewa kwa mdomo meno yalikuwa yanashtuka. Hilo lilipungua polepole. Nilitumia dawa ya meno ya kupunguza kushtuka kwa baridi, nikawa naipaka kidogo kwa kidole penye shida kabla ya kulala na siisukutui.

Kubwa lilikuwa kioo. Uvimbe uliponywea, meno yalionekana marefu, na katikati ya yale ya mbele chini pakatokea vipembe vyeusi, nafasi ambazo sikuwa nazo. Nililia. Nilidhani nimeharibiwa. Hakuna aliyenieleza kabla kwamba ufizi uliovimba ulikuwa unaficha mfupa uliokwishashuka, na kwamba ukipona unarudi kukaa pale mfupa ulipo. Mfupa uliopotea haujirudishi kwa kusafishwa, kinachofanyika ni kuuzuia usiendelee kwisha na kuupa ufizi nafasi ya kubana tena kwenye jino. Haya yote niliyajua baadaye. Kwa hiyo mleta mada, muulize daktari wako mapema: haya meno ya mbele yataonekanaje nikipona? Utajiandaa kisaikolojia.

Harufu ya mdomo iliisha. Hilo peke yake mume wangu aliliona kabla sijamwambia chochote.

Tabibu wa Kinywa

Nafanya kazi hii, niruhusuni nijibu yale mawili aliyoambiwa mleta mada, kwa sababu nayasikia kila wiki na yanawapotezea watu meno.

La meno kulegea. Mtu anayekuja na ukoga mwingi ulioganda, mara nyingi meno yake yameshalegea tayari, ila ule ukoga umeyashikanisha kama saruji. Ukiutoa, ulegevu uliokuwepo unaonekana. Mfupa ulikuwa umeshaondoka siku nyingi. Ukiuacha ukoga huo, bakteria wanaendelea kukaa juu yake na mfupa unaendelea kuliwa. Baada ya kusafishwa vizuri, meno mengi yaliyolegea kiasi hukaza kadiri uvimbe unavyoisha.

La antibiotiki. Bakteria wa fizi hawaelei ovyo, wanaishi kwenye utando uliojishikiza juu ya mzizi, na dawa ya kumeza haiupenyi ipasavyo. Lazima utando uvunjwe kwa mkono. Kuna wagonjwa wachache tunaowaongezea dawa, lakini juu ya usafishaji, siyo badala yake.

Na tafadhali, kabla ya kukaa kwenye kiti taja dawa zote unazotumia. Ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema, wala usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Ukiwa na vali bandia ya moyo, sema, maana utahitaji antibiotiki kabla ya kuguswa fizi. Baadhi ya dawa za presha kama amlodipine na nifedipine, na ile ya kifafa iitwayo phenytoin, zinaweza kufanya fizi ziote na kufunika meno. Daktari akijua hilo atazungumza na anayekuandikia.

Mvuvi wa Zamani

Mimi fizi zangu hazikuwa zinatoka damu hata kidogo, na nilikuwa mvutaji wa sigara miaka mingi. Nikaenda kwa jino moja tu lililokuwa linacheza. Kumbe vifuko vilikuwa kila upande. Nikaelezwa kwamba sigara hubana mishipa midogo ya damu kwenye ufizi, kwa hiyo ile dalili ya damu haitokei, huku chini mambo yanaharibika.

Nilisafishwa pande zote mbili. Vipimo vya marudio vilishuka, lakini siyo kama vya mke wangu ambaye hajawahi kuvuta. Daktari alinipa picha halisi: kwa anayeendelea kuvuta, fizi hupona kwa shida. Nimeacha. Vijana mnaovuta na mnajisifia fizi hazitoki damu, nendeni mkapimwe.

Mtoto wa Mwisho

Mzee wangu ana kisukari. Alipelekwa kusafishwa fizi baada ya daktari wa kisukari mwenyewe kuuliza habari za meno, jambo ambalo sisi tulilishangaa. Tulielezwa kwamba haya mawili yanachocheana: sukari ikiwa juu fizi zinaoza haraka na kidonda hakiponi, na fizi zikiwa na uambukizo sukari inakuwa ngumu kushuka. Kutibu fizi huweza kusaidia kuishusha kidogo.

Walitaka kwanza kuona kipimo chake cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Wakampangia asubuhi, wakasisitiza ale na atumie dawa zake kama kawaida kabla ya kuja. Tulienda na kimashine chake cha kupimia. Alichoka tu kufungua mdomo.

Nyota Njema

Samahani kuingilia, mimi ni mjamzito na fizi zangu zimevimba vibaya. Nisubiri nijifungue?

Tabibu wa Kinywa

Usisubiri, dada. Homoni za ujauzito huzifanya fizi ziitikie ukoga kwa nguvu zaidi, na kusafishwa wakati wa ujauzito ni salama, ganzi ya kawaida ikiwemo. Mwezi wa nne hadi wa sita wa ujauzito ndio wa raha zaidi kwako kukaa kitini. Waeleze una miezi mingapi, na mwambie pia mkunga wako kwamba unaenda.

Babu Magego

Wanangu, mmesema mazuri. Niongeze la marudio, kwa sababu wengi huishia njiani hapo. Ukishasafishwa, unapimwa upya baada ya kama miezi mitatu. Kabla ya hapo ufizi haujatulia, namba hazisemi kweli. Watu fizi zikiacha kutoka damu wanaona yameisha, hawarudi.

Mimi vifuko vingi vilitoka 6 vikaja 3 na 4. Gego moja la juu likakataa, likabaki na 7. Magego ya juu yana mizizi mitatu, na ugonjwa ukishaingia kwenye njia panda ya mizizi, chombo hakifiki kila kona kwa kupapasa. Nikafanyiwa upasuaji mdogo: ufizi unafunguliwa, daktari anaona mzizi kwa macho, anasafisha, anashona. Lile jino bado ninalo na ninalitafunia. Sasa kila baada ya miezi mitatu au minne naenda kusafishwa na kupimwa, na nimeambiwa huu mwendo ni wa maisha.

Binti Salama

Shikamoo Babu. Hilo la miezi mitatu halisemwi vya kutosha, ahsante.

Mleta mada

Marahaba za Babu mimi sizigusi, nampa shikamoo yangu pia. Nimeshafanyiwa upande wa kulia, na yote aliyoeleza Fundi Umeme nimeyaona, mpaka ile sauti kubadilika. Upande wa kushoto bado. Nimepewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini kwa muda mfupi, na brashi ndogo za kupitisha kati ya meno za rangi tatu. Ile kubwa inakwama mbele, ile ndogo inapwaya nyuma. Na damu bado inatoka nikizitumia. Niendelee au nipumzishe?

Mama Pacha

Endelea, kaka. Kila nafasi ina saizi yake: inayotakiwa ni ile inayoingia bila kulazimisha lakini nywele zake zinagusa pande zote mbili. Mimi natumia ndogo mbele na kubwa nyuma. Pitisha mara moja kila siku, usiku, kabla ya mswaki. Damu ya siku za mwanzo inatoka kwa sababu ufizi bado una uvimbe, ukiacha ukoga unarudi palepale. Kwangu ilipungua yenyewe. Ikizidi au ukiona usaha, uvimbe au homa, piga simu walikokusafisha, usingoje miadi.

Hiyo ya kusukutua usiipitishe muda uliopewa, inaacha madoa ya kahawia kwenye meno na ladha ya chakula inapotea. Na usiitumie papo hapo baada ya dawa ya meno, acha nusu saa ipite, maana povu la dawa ya meno huipunguzia nguvu.