Naomba ushauri: mozaiki wakati wa vita, zifunikwe pale pale au zihamishwe?

Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu kuhusu makumbusho ya Maarrat al-Numan, Syria, yenye mozaiki (picha zilizoundwa kwa vijiwe vidogo vidogo) za enzi za Warumi na Bizanti. Vita vilipopamba moto, watu wa pale walizipaka gundi inayoyeyuka kwa maji, wakabandika kitambaa, wakapanga viroba vya mchanga mbele yake. Juni 2015 jengo likapigwa mabomu ya mapipa (mapipa yaliyojazwa vilipuzi, yanadondoshwa toka angani), lakini mozaiki nyingi zikasalimika.

Msimamizi wangu anataka nitetee kuhamisha. Mimi sikubali: mapande makubwa namna ile yangevunjikia njiani, tena barabara zenyewe za vita!

Mliosomea uhifadhi, gundi ikikaa miaka bado hutoka bila kung'oa vijiwe? Na zaidi ya makumbusho ya Beirut, Lebanon, ambako nako mozaiki za huko zilifunikwa kwa zege wakati wa vita, nilinganishe na wapi?